Fedha Ambazo Bado Hazijahama

Ngamiani, Tanga
17 Novemba 2024

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, baba yako alizisoma kwa sauti baada ya Isha na bibi yako akawa anaitikia kila jina. Vuli imeanza kunyesha na mahindi ya uani yamesimama vizuri.

Uliponipigia kusema wamekuhamishia kitengo cha kadi, na kwamba kazi yako ya kwanza ni kuandaa taarifa ya asubuhi ya miamala inayosubiri na miamala iliyokataliwa, nilisikia sauti yako ikishuka. Ukasema wenzako wanahesabu fedha, wewe umepewa fedha ambazo hazikwenda popote. Neno hilo limenikaa siku tatu. Nimeona nikuandikie, kwa sababu taarifa hiyo niliiandaa mimi miaka tisa, na mengine niliyojifunza humo niliyajua kwa kumuumiza mtu.

Nianze na jambo unalolijua, lakini lisome tena taratibu. Kadi inapogusishwa kwenye mashine ya duka pale Kariakoo, shilingi haihami. Mashine inauliza tu. Swali linapita benki ya mwenye duka, linaingia kwenye mtandao wa kadi, linafika benki iliyotoa kadi: huyu tumruhusu atumie shilingi 180,000? Jibu linarudi kwa njia ile ile ndani ya sekunde chache. Likiwa ni ndiyo, benki ya mwenye kadi inaziweka fedha hizo kando. Salio la kitabuni linabaki kama lilivyokuwa, ila salio analoweza kulitumia linapungua. Mwenye duka naye bado hajapata kitu, ameshika ahadi yenye namba ya idhini ya herufi au tarakimu 6. Jioni anafunga hesabu ya mashine yake, madai yanakusanywa, mabenki yanahesabiana nani anamdai nani, kisha ndipo yanalipana.

Kati ya lile jibu na kule kulipana kuna saa kadhaa, mara nyingine siku kadhaa. Ndani ya muda huo fedha zikiwa zimeshikwa kimakosa, simu moja inazifungua. Muamala ukiwa wa wizi, simu moja inaweza kuukamata ukiwa bado mlangoni. Mabenki yakishalipana, hali ni nyingine kabisa: unaandika barua, unajaza fomu ya malalamiko, unamwomba mtu wa benki nyingine akubali kurudisha kitu ambacho kwenye vitabu vyake ni chake. Taarifa nyingine zote zinazopita mezani kwenu asubuhi zinaeleza yaliyokwisha kuwa. Yako inaeleza yanayoweza bado kugeuzwa. Ndiyo maana nilishtuka kusikia umeidharau.

Sasa nikusimulie la 2011. Nilikuwa katika benki ambayo sitaitaja. Mama mmoja alisimama kwenye dirisha la malipo la hospitali, mumewe amelazwa anasubiri upasuaji, ametakiwa kutanguliza shilingi 1,200,000. Kwenye akaunti alikuwa na 2,900,000. Akatoa kadi. Mashine ikazunguka, ikazunguka, ikaandika hakuna majibu. Karani akajaribu tena, ikawa vile vile. Mara ya tatu jibu likaja haraka: salio halitoshi. Yule mama akaambiwa mbele ya foleni kwamba hana fedha.

Fedha alikuwa nazo. Mara ya kwanza swali lilifika kwetu, mfumo ukakubali na kuweka 1,200,000 kando, lakini jibu likapotea njiani kabla ya kufika kwenye mashine. Mara ya pili hali hiyo hiyo, 1,200,000 nyingine kando. Mashine isipopata jibu inatakiwa kutuma ujumbe wa kutengua, yaani kuiambia benki: lile ombi langu lisahau, fungua ulichokishika. Siku hiyo mtandao ulikuwa mbovu kiasi kwamba jumbe za kutengua nazo hazikufika. Kwa hiyo ombi la tatu lilimkuta ana 500,000 tu za kutumia, na mfumo ukajibu kwa mujibu wa hesabu zake.

Asubuhi iliyofuata haya yote yalikuwa mezani kwangu. Ukurasa wa miamala inayosubiri ulikuwa na mistari miwili ya yule mama. Ukurasa wa iliyokataliwa ulikuwa na mstari mmoja, umeandikwa 51, salio halitoshi. Kadi ile ile, kiasi kile kile, mashine ile ile, dakika nne kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Nilihesabu inayosubiri, nikahesabu iliyokataliwa, nikaandika jumla chini ya kila ukurasa, nikatia sahihi, nikapeleka juu. Sikuzisoma kurasa mbili kwa pamoja. Alikuja mwenyewe siku ya nne, amevaa khanga ya kujifunika kama mtu aliyetoka msibani, ingawa mumewe alikuwa hai. Walikuwa wamemkopa shemeji. Nilipofungua faili mbele yake nikaiona mistari mitatu, nilijua kwamba jana yake na juzi yake nilikuwa na uwezo wa kuzifungua fedha zake kabla ya chai ya saa nne.

Tangu hapo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya kuhesabu chochote, ilikuwa kuzilaza kurasa mbili sambamba. Tafuta kadi iliyoko pande zote mbili. Namba ya rejea ya tarakimu 12 itakwambia kama swali lililokataliwa na fedha zilizoshikwa ni kitu kimoja au viwili. Namba zikitofautiana, angalia kiasi, mashine na dakika. Ombi likiwa limeandikwa limeshindikana upande wa mwenye duka, na upande wa mwenye kadi limekubaliwa na linasubiri, hapo kuna mtu ameshikiwa fedha bila kununua kitu. Huyo anaanza. Mengine yote yatangoja.

Ukipata nafasi, jifunze kwa makini habari ya Benki Kuu ya Bangladesh. Usiku wa Alhamisi 4 Februari 2016 wezi waliokuwa wameingia kwenye mfumo wa benki hiyo walituma maagizo 35 ya malipo kwenda Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, ambako Bangladesh iliweka akiba yake ya dola. Yote pamoja yalikaribia dola milioni 951. Watu wengi wanaijua sehemu ya mwisho ya hadithi, kwamba dola milioni 81 ziliishia Ufilipino na nyingi hazikupatikana. Mimi kinachonikosesha usingizi ni mwanzo wake. Maagizo yote 35 yalikataliwa kwanza. Hayakuwa na majina ya benki za kati za kupitishia fedha, kwa hiyo New York iliyarudisha. Saa chache baadaye yakatumwa tena, yamesahihishwa, na matano yakapita.

Fikiria, Zuhura. Benki kuu ya nchi ina maagizo 35 yaliyokataliwa usiku mmoja, yenye makosa yanayofanana. Kama kungekuwa na mtu wa kusoma orodha hiyo wakati ule, angeuliza nani ameyaandika. Lakini Dhaka, makao ya benki hiyo, kulikuwa na printa moja iliyozoea kuchapa mchana na usiku jumbe za SWIFT, mfumo wa mabenki kuagizana malipo, na wezi walikuwa wameinyamazisha. Ijumaa asubuhi wafanyakazi waliikuta haifanyi kazi. Ijumaa kule ni siku ya mapumziko, waliokuwa zamu walikuwa wachache, wakadhani ni hitilafu ya kawaida ya mashine. Walipofanikiwa kuiwasha Jumamosi, maswali ya New York yakaanza kutoka: haya malipo ni yenu kweli? Kufikia hapo New York nako kulikuwa na mapumziko ya wikiendi, na Jumatatu ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina huko Manila, Ufilipino, fedha zilikokwenda.

Yale 30 mengine yalizuiwa yakaguliwe, na sababu mojawapo ilikuwa neno Jupiter. Tawi la benki lililotakiwa kupokea fedha lilikuwa kwenye mtaa wa jina hilo, na jina hilo lilikuwa pia la meli iliyokuwa kwenye orodha ya vikwazo dhidi ya Iran. Hakuna uhusiano wowote kati ya mtaa na meli, lakini mfumo uliona neno ukasimama. Kati ya yale matano yaliyopita, agizo la dola milioni 20 lililokwenda Sri Lanka nalo lilizuiwa njiani kwa sababu wezi walikosea tahajia ya jina la mpokeaji, wakaandika “fandation” badala ya “foundation”. Mtu mmoja aliliona neno halikukaa sawa, akauliza. Fedha hizo zilirudi. Za Manila zilipokelewa, zikatolewa, zikaingia kwenye kasino.

Ninakutajia hayo ili siku printa yenu ikigoma, au faili la saa kumi na moja alfajiri lisipofika, usikae ukingoja mafundi. Kutokuwepo kwa taarifa ni taarifa. Piga simu. Andika kwenye daftari kwamba leo hadi saa mbili asubuhi faili halijafika, na jina la uliyemwambia.

Tuje kwenye zile namba za kukataliwa. Umesema unazichoka kwa sababu ni nyingi na hazisemi kitu. Zimetoka kwenye kanuni ya kimataifa ya jumbe za kadi, ISO 8583, iliyotolewa mara ya kwanza 1987, na kila moja ina sauti yake ukishaizoea. 54 ni kadi iliyoisha muda: mtu huyo hana kosa, pengine kadi mpya iko tawini haijachukuliwa, mpigie. 55 ni namba ya siri isiyo sahihi. 91 ni benki iliyotoa kadi haipatikani, na hiyo ikiwa nyingi kwa saa moja basi tatizo si la wateja, ni la njia au la mashine zenu wenyewe, na anayetakiwa kuamshwa ni mhandisi.

Ile 05 ndiyo sikuipenda tangu siku ya kwanza mpaka siku niliyostaafu. Maana yake ni usimlipe, basi. Haisemi kwa nini. Benki iliyotoa kadi inaweza kuficha nyuma yake shaka ya wizi, akaunti iliyofungwa, kanuni mbovu iliyowekwa na mtu aliyekwishahama. Mteja anaambiwa dukani awasiliane na benki yake, na benki yake inamwambia ajaribu tena. Kama ninyi ndio mnaotoa 05, dai ndani ya benki yako kwamba kila moja iwe na sababu ya pili iliyoandikwa, hata kama haitoki nje. Kukataa bila kujua sababu ya kukataa ni kumdhulumu mtu, na mimi nililisema hilo vikaoni mpaka wakanizoea.

Halafu kuna kusoma kwa makundi. Mzee akikosea namba ya siri mara tatu kwenye mashine moja, huyo ni mzee. Duka moja la mtandaoni likileta maombi 200 kwa nusu saa, ya kiasi kidogo sana kinachofanana, kadi zake zikifuatana namba kama nyumba za mtaa mmoja, na mengi yamekataliwa kwa 14, yaani namba ya kadi isiyokuwepo, hao ni wezi wanaojaribu funguo. Macho ya mgeni yatabaki kwenye zile 196 zilizokataliwa na atafurahi kwamba mfumo umefanya kazi. Wewe zitafute zile 4 zilizokubaliwa. Ziko upande wa pili, zinasubiri, zina kiasi kidogo kisichomshtua mtu. Mwizi amekwisha kujua kwamba kadi hizo 4 ni hai, na atarudi nazo kwa kiasi kikubwa. Zifungie asubuhi hiyo hiyo na uwapigie wenye kadi.

Kuna jambo dogo linalochanganya vijana wengi, nalo ni saa. Ujumbe wa kadi unabeba saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, na unabeba pia saa ya mahali. Muamala wa saa saba na nusu usiku hapa kwetu kimataifa ni saa 22:30 ya jana yake. Mteja anakwambia nilinunua Jumanne, taarifa yako inasema Jumatatu, na karani mwenye haraka anamjibu hakuna muamala kama huo. Juu ya hapo iko saa yetu ya Kiswahili. Mtu akisema alilipa saa mbili, usiandike 02:00. Muulize asubuhi au usiku, kisha uandike 08:00 au 20:00. Nimeona kesi ikikaa wiki mbili kwa sababu ya hilo tu, mteja ana risiti mkononi na sisi tunatafuta saa ambayo alikuwa amelala. Weka saa ya Dar es Salaam kwenye kila mstari na useme juu ya ukurasa kwamba ni hiyo.

Kuhusu jumla: wakubwa watakutaka uwape namba moja. Wape, ila usiwadanganye kwa uvivu. Mtu aliyejaribu mara tano kulipa 400,000 akakataliwa mara tano hajapoteza shilingi milioni 2 kwa benki. Ni mtu mmoja na haja moja. Hesabu maombi, halafu hesabu watu, uziweke zote mbili. Wala usijumlishe zinazosubiri pamoja na zilizolipwa, hata ukibembelezwa kwamba zitalipwa tu kesho. Hoteli inashika kiasi cha mgeni anapofika, na anapoondoka bili halisi inaweza kuwa pungufu au zaidi. Kituo cha mafuta kinaweza kuomba idhini kabla ya kujua lita ngapi zitaingia. Kilichoshikwa si mapato mpaka kilipwe.

Kwa kila kinachosubiri andika tangu lini, na anasubiriwa nani. Hilo la pili ndilo watu wanaliruka. “Inasubiri” peke yake haimwamshi mtu. Inasubiri mwenye duka afunge mashine yake. Inasubiri benki ya nje ijibu. Inasubiri mwidhinishaji wa pili ambaye yuko safarini Dodoma tangu Alhamisi. Hii ya mwisho utaikuta zaidi kwenye malipo ya makampuni na mashule, pale mwandaaji ameingiza mishahara na anayetakiwa kuidhinisha hajafungua mfumo. Walimu 60 wanasubiri kidole cha mtu mmoja. Kanuni ya watu wawili ni nzuri, imezuia wizi mwingi, usikubali kamwe kupewa namba za siri za pande zote mbili ili “mambo yaende”. Lakini mwenye kidole lazima ajue kwamba anasubiriwa, na taarifa yako ndiyo ya kumwambia kwa jina la cheo chake. Mfumo wa TISS wa Benki Kuu yetu, ambamo mabenki hulipana na ulioanza 2004, unalipa muamala mmoja mmoja papo hapo, na ukishalipa umelipa. Kwa hiyo nafasi ya kukagua ni kabla, si baada.

Namba kamili za kadi usiziweke kwenye taarifa hata siku moja. Tarakimu nne za mwisho pamoja na namba ya rejea zinakutosha kumpata mtu. Na zile tatu za nyuma ya kadi haziruhusiwi kuhifadhiwa baada ya idhini kutolewa, popote, kwa namna yoyote. Ukizikuta kwenye faili, acha kila kitu ukamwone mkuu wa usalama. Karatasi za rasimu zichanwe. Niliwahi kuona kurasa za taarifa kama hiyo zimefungiwa karanga, hapa hapa nchini, nikazinunua karanga zote.

Itafika siku mtu mwenye cheo atakuomba uondoe ukurasa wa zilizokataliwa kwenye taarifa ya mwezi, kwa kuwa unaharibu sura ya kitengo. Jibu kwa adabu kwamba utauweka mwisho badala ya mwanzo, kama hilo litamridhisha. Usiuondoe. Baba yako ananiambia nisikutie ujeuri ukiwa bado mgeni kazini, lakini yeye hakuwahi kumtazama yule mama machoni.

Mumewe alifanyiwa upasuaji siku ile ile ya mkopo wa shemeji, akapona. Fedha zake nilizifungua mbele yake, shilingi 2,400,000, ikachukua muda wa kunywa kikombe cha maji. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama tulikuwa tumeona tangu mwanzo, nami nikamwambia ndiyo, ilikuwa mezani kwangu.

Nitumie mpangilio wa taarifa unaoutumia sasa, vichwa vya safu tu, bila jina wala namba ya mteja yeyote. Nataka kuona kama kuna safu ya “anasubiriwa nani”. Kama haipo, tutaipanga pamoja ukija Idi. Bibi anauliza kama unakula vizuri, na anakutumia kisamvu kilichokaushwa kwa basi la Ijumaa. Mpokee kondakta mapema, gari linafika Dar saa nane mchana.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanahamisi